Fundi Mapampu na Wabishi Wake

Ndugu waombolezaji, kabla sijasoma wasifu wa marehemu, wenye magari yanayonguruma hapo nje naomba myazime, maana huyu tunayemzika alishayasikia ya kutosha.

Marehemu mjomba wetu, Fundi Mapampu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa tatu wa mshona viatu, akamaliza sekondari mwaka 1984, akasomea ufundi magari, na mwaka 1991 akafungua gereji ya mlango wa bluu, akihudumia magari ya spoti yaliyofungwa turbo.

Hapo ndipo stress zilipoanza, kwa sababu kila mteja alikuja amekumbatia pampu kubwa ya mafuta, hataki kusikia habari ya regyuleta ya kushika presha ya mafuta isizidi, anataka speed tu, na akiambiwa mafuta yatazidi, plagi zitalowa na moshi mweusi utatoka, anasema come on fundi, wewe funga, kisha anarudi akivutwa kwa kamba, na lawama zote ni za fundi.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1995 na mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti mmoja, ambaye alimsikiliza baba yake, na ndiye aliyeahidiwa lile gari jekundu walilolijenga pamoja.

Oktoba mwaka jana marehemu alilazwa kwa maradhi ya figo, na shemeji yake, mtu asiyeshaurika, akalichukua gari hilo bila ruhusa, akalifungia pampu kubwa eti kumfurahisha mgonjwa, akaja kulikanyagia mafuta chini ya dirisha la wodi, tukapiga makofi sote, isipokuwa mgonjwa, aliyejiinua kwa kiwiko, akausikiliza mlio ule wa kukohoa, akamwambia bintiye, "Huyu hajagusa regyuleta. Wasikuulie gari, mwanangu." Alifariki tarehe 3 Februari, saa nne asubuhi.

Na bado, seriously, jana kwenye kikao cha mazishi shemeji huyohuyo aliomba kuongoza msafara kwa gari hilohilo, wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa, kwa hiyo familia inatangaza kwamba binti ameifungua pampu ile leo asubuhi, iko juu ya meza ya gereji, mwenyewe akaichukue, na gari halitoki mpaka binti aliwashe kwa mkono wake.

Tunawashukuru madaktari, mafundi wenzake, na majirani waliovumilia makelele yetu.

Pumzika kwa amani, mjomba, ufunguo anao mwanao.