Aliyejua Kuwafungua Maksai Nira: Maisha ya Mzee Heraclio Nahuelquín

Padri wetu, ndugu wa Rauquén, na ninyi mliovuka maji asubuhi hii kuja kutushika mkono: mimi ni Mireya, binti wa marehemu. Kaka yangu Nelson ndiye aliyepaswa kusoma. Amejaribu mara mbili jikoni, na mara zote mbili hakuumaliza mstari wa kwanza. Basi nasoma mimi. Nikikwama mnisubiri, nitaendelea.

Marehemu Mzee Heraclio Nahuelquín Barría alizaliwa tarehe 3 Novemba 1946 hapa hapa Rauquén, kisiwani Lemuy, mtoto wa nne wa Mzee Crescencio Nahuelquín na Bi. Zunilda Barría. Mvua ilikuwa ikinyesha, jambo ambalo hapa kwetu si habari. Bibi Zunilda alikuwa akisimulia kwamba uchungu ulimkuta shambani akipalilia viazi, akamaliza tuta alilolianza, ndipo akapangusa jembe na kwenda nyumbani kujifungua. Kwa hiyo Mama yetu husema kwamba ukaidi wa Baba haukuwa kosa lake, aliunyonya ziwani.

Alianza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1954. Siku hizo kila mtoto alikuja na ukuni mmoja wa jiko la darasani. Yeye alikuja na miwili, wa pili kwa ajili ya mwenzake yeyote aliyesahau. Hesabu aliziweza. Kusoma alisoma kwa kupaza sauti kama mtu aliye nyuma ya jembe la maksai, mpaka mwalimu akamwambia, "Heraclio, hiyo ni sentensi, si ng'ombe. Itasogea yenyewe." Masomo yake yalikatika tarehe 22 Mei 1960, siku ya lile tetemeko kubwa. Ukuta wa darasa ulipasuka, bahari ikapanda, na wazee wakaamua kwamba nyumba zilizosalia ufukweni zihamie juu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Nyumba zetu za mbao hatuzibomoi, mnajua wenyewe. Tunaziweka juu ya magogo, tunazifunga kamba, na maksai wa kijiji kizima wanazivuta hadi zinakotakiwa. Kiangazi kilichofuata baba yake alimkabidhi fimbo ndefu ya kuongozea maksai na kumsimamisha mbele, na shuleni hakurudi tena.

Kama vijana wengi wa visiwa hivi, marehemu alikwenda kusini, Magallanes, kukata manyoya ya kondoo. Alianza mwaka 1964, na alikwenda kila msimu hadi mwaka 1989. Aliporudi mara ya mwisho tulishangaa, kwa kuwa alikuwa bado na nguvu na wenye mashamba walikuwa wakimtaka. Alituambia kwamba mwaka ule mkasi ulimponyoka na kumchana kondoo, na wiki haikupita ukamponyoka tena. "Mkono ukianza kumuumiza asiyeweza kulalamika," alisema, "uweke mfukoni." Akaupaka mkasi mafuta, akampa kijana aliyekuwa akijifunza, akapanda meli.

Alilima viazi, alipasua kuni, alichuma kome maji yakipwa. Lakini jina lake lilitokana na maksai. Alifundisha jozi nyingi za ng'ombe wa kisiwa hiki kutembea chini ya nira. Watu walikuja kutoka Puqueldón na hata ng'ambo ya maji kumwuliza jambo moja ambalo mwenye ng'ombe hapendi kulijibu mwenyewe: huyu bado, au basi? Alimtazama mnyama akipanda mlima, akamtazama akishuka, akaweka mkono kwenye bega lake. Mtu mmoja alimsihi, "Mzee, niambie angalau ana miaka miwili."

"Miwili anayo," Baba akajibu. "Ya kula majani."

Hakuwahi kukubali mnyama afanyishwe kazi hadi aanguke. Aliona ni aibu ya mwenye mnyama. Nyumbani kwetu maksai aliyefunguliwa nira hakuchinjwa mwaka ule. Alipewa kiangazi kizima cha kulala kwenye majani, na Mama alinung'unika kwamba yule ng'ombe anatunzwa kuliko mama mkwe.

Mama tunayemzungumzia ni Bi. Otilia Chiguay, mjane, aliyeketi hapa mbele. Walikutana mwaka 1972 siku ya msaragambo wa kuvuta nyumba ya mtu mwingine. Wanaume walikuwa kwenye kamba, wanawake kwenye viazi. Baba alikuja kuomba maji, akatazama sufuria, akasema, "Dada, maganda yako manene. Utatulisha nini?"

"Mkono wangu, tumbo lako," Mama akamjibu. "Ukitaka membamba, kaa umenye."

Akakaa. Wenzake walimwita kutoka kwenye nyumba, wakamzomea, wakamwambia avae aproni kabisa. Hakunyanyuka hadi gunia likaisha. Walifunga ndoa tarehe 9 Machi 1974 katika kanisa hili hili, na Mungu aliwapa watoto wawili, Nelson na mimi. Mwezi ujao wangetimiza miaka hamsini. Nguruwe tutakayemla leo baada ya maziko tulimnenepesha kwa ajili ya sherehe hiyo. Mama amesema aliwe, kwani wageni ni wale wale.

Ugonjwa ulijitokeza mwaka 2019. Baba alianguka kwenye shamba la viazi, akakaa chini muda, akainuka, akadai kwamba aliteleza. Ardhi ilikuwa kavu. Daktari wa mjini Castro alimpima na kumweleza kwamba moyo wake umechoka na kulegea, na kwamba asinyanyue kitu kizito kuliko birika. Baba alimwuliza, "Birika tupu au lililojaa?" Daktari alicheka. Mama hakucheka.

Hapo ndipo tuliona jinsi alivyojua kuacha. Watu wanasema alikufa kwa kutojua kuacha, nami nataka hili lisikike: alijua. Kwanza aliacha mtumbwi. Mwaka uliofuata aliacha shoka. Alilinoa mara ya mwisho, akampelekea jirani ambaye lake lilikuwa butu. Jembe aliliacha kwa shida zaidi. Nilimkuta siku moja amesimama ukingoni mwa shamba akiwatazama vibarua, midomo ikicheza kama anayehesabu matuta yao, na machozi yanamtoka. Nilimwuliza kama anaumwa. "Siumwi," alisema. "Wanachimba vibaya." Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine kabisa, "Ukikaa nyumbani mchana, Mireya, nyumba inanuka uzee." Hata hivyo alikaa. Alijifunza kukaa. Alimmenyea Mama viazi, kwa maganda membamba, na Mama alipomwuliza mbona goti la maksai analisikia kutoka ng'ambo ya shamba na lake halisikii, alimjibu, "Maksai hana mke wa kumkumbusha."

"Basi nakukumbusha," Mama alimwambia. "Niahidi. Nyumba hutavuta tena."

Akamwahidi. Hiyo ilikuwa mwaka 2022, na kwa viangazi viwili alikaa nyumbani nyumba nyingine zikisogea.

Mwanzoni mwa mwezi huu alikuja Mzee Abelardo Güenul, rafiki wa Baba tangu utoto. Ukingo ulio chini ya nyumba yake umeliwa na bahari, ikabidi nyumba ihamie kwenye kiwanja cha binti yake huko juu. Akafanya kama wafanyavyo watu wote wa hapa: alivua kofia akapita nyumba kwa nyumba kuomba watu wa kuvuta. Mnajua maana ya kurukwa. Mlango ukirukwa, ni kama kuambiwa waliomo ndani wamekufa au ni maadui. Mnajua pia kwamba aliyeombwa hasemi hapana. Asiyeweza kwenda hutuma mwanawe, au gunia la viazi, na neno zuri. Mzee Abelardo alibisha kwetu kwa heshima, akiamini atapewa viazi. Baba alimsikiliza kwa heshima, akiamini anahitajika.

"Ndugu Heraclio," Mzee Abelardo alisema, kofia kifuani, "nimekuja kukuomba."

"Nitakuja," Baba akasema.

Nilikuwepo, birika la chai mkononi. Mzee Abelardo alibadilika rangi. Alimtazama Mama kama mgeni aliyevunja chombo cha mwenye nyumba.

"Abelardo, una wazimu?" Mama alimwuliza. "Unamwomba huyu? Huyu hata paka simwachii abebe!"

"Dada Otilia, ningepita mlango huu bila kubisha, ungeniitaje?"

 Baadaye Mama aliniambia kwamba angemwita mshenzi, tena mbele za watu.

"Nitakaa kwenye kiti," Baba alisema. "Otilia, nimekuahidi kutovuta. Kukaa sikukuahidi. Nitawaita tu maksai kwa mdomo. Mdomo daktari hakuukataza."

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi, tarehe 17 Februari. Tulimpeleka na kiti chake cha jikoni, tukamfunika poncho, blanketi lake la kuvaa, Mama akasimama nyuma yake mkono begani. Baba alivaa kofia ya Jumapili. Kila aliyepita alimsalimu, wengine wakimtania kwamba mwaka huu kijiji kina waziri. Alikuwa na furaha. Sitaificha furaha hiyo ili kifo chake kieleweke vizuri zaidi. Aliita, na jozi za maksai zikaingia kwenye nira, na nyumba ya Mzee Abelardo ikapanda kutoka ufukweni, mapazia yakiwa bado madirishani.

Kwenye bonde dogo la chini ya kanisa, ardhi ilikuwa na maji. Jozi ya mbele ilikuwa ya vijana wa ng'ambo, na maksai mmojawapo alikuwa mzee. Alipiga goti, akainuka, akapiga goti tena. Vijana wakaanza kumchapa. Baba aliita kutoka kwenye kiti, "Mfungueni huyo! Amekwisha!" Watu walikuwa wengi na kelele nyingi, hawakumsikia. Akaita tena. Yule ng'ombe alilala ubavu, kamba zikamkaba shingo, nao bado wanamchapa.

Baba alisimama. Mama alishika poncho, poncho likabaki mkononi mwake. Alitembea hadi mbele, hakukimbia, akawaambia wale vijana, "Tokeni." Walitoka. Akalegeza mikanda iliyofunga nira kwenye pembe, akaingiza bega chini ya nira akainyanyua, nira ya mti mgumu ya maksai wawili, hadi yule mnyama akapata kutoa kichwa na kuvuta pumzi. Kisha akaiweka chini taratibu, akakaa kwenye majani karibu na ng'ombe, mgongo wake kwenye tumbo la mnyama. Mama alipofika alimwambia, "Otilia, nimechoka." Katika miaka yote ile neno hilo hakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Nyumba iliyokuwa karibu ni ile iliyokuwa ikivutwa. Tulimwingiza humo, tukamlaza kwenye godoro la Mzee Abelardo, nyumba ikiwa imesimama katikati ya bonde, si kule ilikotoka wala kule iendako. Alifariki humo saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wa Mama. Padri alimkuta tayari amekwenda, akamwombea.

Nje hakuna aliyegusa kamba. Mama alitoka mlangoni, akasimama pale juu ya magogo, akawaambia wanaume, "Ivuteni ifike. Mtamwacha matopeni?" Akarudi ndani akakaa kando yake. Jozi nyingine ikafungwa mbele. Hakuna aliyeita wala kupiga kelele, waliongoza kwa mikono tu. Nilitembea pembeni mwa dirisha, nikawaona wazazi wangu wakipanda mlima pole pole, Mama akimshikilia kichwa kisitikisike. Moyo wangu ulivunjika pale, na ningali sijui vipande viko wapi.

Marehemu ameacha mjane, Bi. Otilia Chiguay, watoto wawili, Nelson wa Punta Arenas na mimi Mireya, mkwe wake Ruperto, wajukuu watano, dada yake Bi. Edelmira, na maksai wawili waliokwishafunguliwa nira, ambao tangu Jumamosi wamesimama langoni. Rozari itaendelea nyumbani kwa siku tisa.

Limebaki neno moja, nalo ni la Mama. Ameniagiza nilisome kama alivyolisema, nisilitie sukari.

"Abelardo, najua umekaa nyuma karibu na mlango. Njoo ukae mbele na familia. Hukumuua mume wangu. Ulimheshimu, naye akakuheshimu, na mimi niliyekuwa nimesimama katikati nikashindwa na heshima zenu mbili. Umefanya kila kitu sawasawa. Lakini laiti ungenikosea adabu siku ile. Laiti ungepita na kofia yako kichwani. Ningekutukana hadi Krismasi, na leo angekuwa jikoni anamenya viazi. Nanyi wengine mnisikie: kuna wazee katika kisiwa hiki ambao hawatawaambia hapana hata wakifa. Mkifika kwenye milango yao, piteni bila kubisha. Sisi wake zao hatutakasirika."

Baba, ulale salama. Mlango wetu umefungwa, na hakuna atakayekuja kukuomba.