Shomoro Aliyeoga Akabaki na Manjano Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Chekeche anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Aliingia kiwandani kwetu kama mfagiaji wa ghala, akapanda hadi kuwa msimamizi wa machekeche yote ya unga. Sikio lake ni la ajabu: chekeche likitoboka, yeye hulisikia kabla mtu hajaona kasoro. Ninyi mnaokula mkate bila kung'oka jino, mshukuruni.

Lakini tusidanganyane: moyo wake ulikuwa dirishani, kwa shomoro wanaookota punje. Sisi tulidhani shomoro ni shomoro tu. Akatufunza kwamba dume mwenye utosi wa kijivu na weusi kidevuni, kama aliyelamba masizi, ni shomoro wa nyumbani. Mwenye kichwa kizima cha kijivu, asiye na weusi wowote kooni, ni wa aina nyingine kabisa. Wapo pia wa tatu, wenye doa la manjano kooni, ila hao hakuwahi kuwaona. Alikuwa akisema kila mara kwamba asingependa kutoka hapa kabla hajamwona walau mmoja.

Haraka iliwahi kumponza. Mwaka mmoja alitangaza shomoro mweupe. Kazi ikasimama, meneja akaja mbio na kamera, mpishi wa kantini akaja na mwiko wake. Mara ndege akajikung'uta, unga ukatimka, kumbe ni shomoro yuleyule wa kila siku! Tulicheka hadi mbavu zikauma, yeye akiwa wa kwanza. Tangu hapo aliweka karai la maji dirishani na sheria moja: ndege hapewi jina kabla hajaoga.

Jumanne iliyopita akatua mmoja mwenye manjano kooni. Karani wa mizani alishaanza vigelegele, lakini Mama Chekeche alitunyamazisha kwa ishara ya mkono. Siku hiyo tulikuwa tukisaga mahindi ya manjano. Ndege akalizunguka karai, akanywa, kisha akaruka zake juu ya paa. Jamani, tulishika vichwa! Alipotuhurumia na kurudi, alijitosa majini, na unga wa manjano ukaanza kuelea. Tukakata tamaa. Kisha akainua kidevu kujikung'uta, na doa lilikuwa palepale, la manjano safi.

Mama Chekeche alilia kwa furaha, akamkumbatia meneja, akamwachia alama mbili za viganja vya unga mgongoni mwa koti lake jeusi. Mpaka leo meneja hataki lifuliwe.

Asante sana, Mama Chekeche. Nenda kapumzike na mzee wako, ucheze na wajukuu, na afya isikupungukie. Sisi tutalijaza karai kila asubuhi, na hapa kwetu ndege hatapewa jina kabla hajaoga.