Watu Wawili Waliolijua Jina la Wimbo

Ndugu wa ukoo, wachungaji, majirani wa Mthonjeni, walimu na wanafunzi wa jana na wa leo, mimi ni Zolile Gqirana, mdogo wake marehemu, na nimesimama hapa kwa agizo lake, maana mwezi uliopita alinipa karatasi hizi akiwa kitandani, akaniambia, "Usinipake sukari, Zolile. Na ukiuruka mwaka wa themanini na sita, nitajua."

Marehemu Nozuko Ntlabathi, ambaye wengi wenu mlimwita MaMpinga kwa jina la ukoo wetu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 kijijini karibu na Cala, mtoto wa kwanza wa mzee Mbuyiselo Gqirana, mwashi, na mama Nowinile, aliyekuwa kiongozi wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa na aliyemfundisha binti yake kuimba kabla hajaota meno ya mbele. Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1955, akaendelea hadi chuo cha ualimu, alikohitimu Desemba 1969, na Januari iliyofuata akapangiwa kazi hapa Komani, darasa la tatu, watoto sitini na wawili na ubao mmoja uliopasuka.

Tarehe 7 Aprili 1973 alifunga ndoa na marehemu Wandile Ntlabathi, mfanyakazi wa reli na mpiga saksafoni wa Jumamosi, wakajaliwa watoto watatu, Lungelwa, Phathiswa na Sakhiwo, ambao wote wako hapa mbele yenu, na shemeji yangu huyo ndiye aliyemshawishi mwaka 1978 afungue shule ya muziki katika chumba cha nyuma cha kanisa, wakianza na watoto tisa, tarumbeta mbili, tromboni moja iliyopinda na kinanda ambacho panya walishakila nusu.

Mwalimu wa vyombo vya kupuliza alikuwa Mzimkhulu Dyantyi, kijana wa mtaa wa pili, aliyefundisha hata mtoto asiye na pumzi akapuliza, na kwa miaka minane yeye na dada yangu waliiendesha shule ile kama mtu na kivuli chake, na kila mwisho wa mwaka wanafunzi walipiga muziki katika ukumbi wa mtaa, wazazi wakiwa wamevaa nguo za Jumapili.

Sasa nafika mwaka wenyewe.

Mwaka uliotangulia, 1985, mwanafunzi wetu wa tarumbeta, Mthetheleli, mwenye miaka kumi na minne, alipigwa risasi akirudi kutoka dukani, na mazishi yake yalisimamiwa na askari wengi kuliko waombolezaji. Mwalimu Dyantyi akatunga wimbo usio na maneno, akauita "Rudi, Mthetheleli", na kwa kuwa serikali ya makaburu ilikuwa imetangaza hali ya hatari na kumlilia mtu hadharani lilikuwa kosa, yeye na dada yangu walikubaliana mwishoni mwa Septemba 1986 kwamba jina lile lisitamkwe mbele ya yeyote, wanafunzi wajifunze noti tu, na ratiba ya wazazi iandikwe "Kipande cha Mwisho". Watu wawili walilijua jina.

Alasiri ya Jumamosi tarehe 29 Novemba 1986, watoto walipokwisha kupiga kipande cha sita, mlango wa ukumbi ulifunguliwa, polisi wakaingia, na mkubwa wao akasoma kwenye karatasi kwa sauti, "Namba saba, Rudi, Mthetheleli. Nani atakayepiga?" Mwanafunzi Monwabisi Faku, miaka kumi na saba, alikataa kuachia tarumbeta, akapigwa sikioni mbele ya mama yake, akachukuliwa, akakaa ndani miezi kumi na mmoja, na sikio lake la kushoto halijasikia tena hadi leo. Mwalimu Dyantyi naye alichukuliwa, lakini kabla ya jua kuzama alikuwa amerudi nyumbani, na tromboni yake mkononi.

Mtaa mzima uliiona ile tromboni. Dukani watu walinyamaza akiingia, wanawake bombani walisema, "Mwenzetu huyo ana mguu mmoja kwetu na mmoja kwa mabwana," na Jumatano iliyofuata dada yangu aliwaita wazazi pamoja na Mwalimu Dyantyi, akasimama mbele yao na kumwambia, "Kaka Mzimkhulu, tulijua wawili. Mimi sikusema." Yeye akajibu, "Wala mimi," akachukua koti lake akatoka. Wiki ile madirisha yake yalivunjwa kwa mawe, ukuta wake ukaandikwa "kibaraka", mke wake akarudi kwao Cofimvaba na hakurejea, na mtu aliyekuwa mwalimu bora wa tarumbeta mjini akafagia mabehewa ya treni kwa miaka ishirini na miwili.

Dada hakutaka nifiche langu, nami sitaficha. Mimi nilimwunga mkono mchana, nikashangilia pamoja na wengine, lakini moyoni nilijiuliza mbona polisi walimchukua Dyantyi na dada hawakumgusa, na kwa miaka mingi nilipokula mezani kwake nilimtazama mikono akinipakulia mahindi na maharage, nikajiuliza ni mikono ya nani. Sikumwuliza. Yeye naye aligeuka mtu wa kufunga milango, akabadilisha kufuli za shule mara nne, akamkagua kila mwalimu mpya kama mhamiaji mpakani, hata shemeji Wandile, aliyefariki tarehe 19 Julai 1991, aliniambia siku moja, "Mke wangu anahesabu watu waliomo chumbani kabla hajaketi."

Mwezi Septemba 2008, shule ilipokuwa inajiandaa kutimiza miaka thelathini, alikwenda ukumbini kutafuta picha za zamani katika makabati yaliyokuwa yanatolewa ili jengo likarabatiwe, na aliporudi nilimkuta ameketi na mkoba mapajani, na nilipoingia aliufunika kwa mikono yote miwili. Siku tisa hakufundisha, droo moja ya kabati lake aliifunga kwa ufunguo alioutia ndani ya sidiria, nami nikasema moyoni, basi, nilichokihofia kimo humo. Siku ya kumi, Jumapili baada ya ibada, akaniambia, "Zolile, nisindikize kwa Dyantyi. Usiulize njiani."

Dyantyi alifungua mlango nusu. "Umekuja kunishtaki tena," akasema, "au safari hii umeleta mawe yako mwenyewe?"

"Nimeleta karatasi, kaka."

Ilikuwa nakala ya fomu ya kuomba ukumbi, ya tarehe 9 Septemba 1986, iliyotaka mwombaji aorodheshe kila kitakachopigwa, na dada yangu, mwalimu asiyeacha nafasi wazi kwenye fomu yoyote, alikuwa ameiorodhesha yote kwa mkono wake, majuma mawili kabla hawajakubaliana kuficha, na namba saba ilikuwa pale na jina lake kamili, chini yake muhuri unaoonyesha kwamba nakala nyingine ilipelekwa kwa wakuu wa polisi mjini. Aliijaza akiwa na haraka ya kuwahi mtoto mgonjwa, akaisahau.

Mzee Dyantyi alivaa miwani akasoma polepole. "Mwandiko wako," akasema. "Herufi zimeinama kama zinaomba lifti." Kisha akaivua miwani. "Unajua miaka yote hii nilikuwa nasema nini? Nilisema, yule mama ndiye aliyewaambia, halafu akanitupia mimi."

"Sikujua, kaka. Niliisahau."

"Nitajuaje kwamba uliisahau?"

"Huwezi kujua," akasema.

"Basi kaisome mbele ya wale wale ulioniita mbele yao."

Akaisoma. Tarehe 6 Desemba 2008, ukumbini, kabla wanafunzi hawajapiga noti hata moja, alipanda jukwaani, akasoma fomu ile kuanzia juu hadi muhuri, akasema, "Ni mimi. Dyantyi hakufanya lolote." Wazazi wengine walisimama wakawashika watoto wao mkono wakatoka, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Ametunga hadithi hii amkingie kibaraka wake." Ndipo Monwabisi Faku, mtu mzima sasa, alipopanda ngazi za jukwaa, watu wakadhani anakwenda kumpiga, akasimama ubavuni pake akageuza kichwa. "Mwalimu," akamwambia, "rudia upande huu. Ule hausikii." Dada yangu akarudia neno kwa neno karibu na sikio lake la kulia, naye akaitikia kwa kichwa, akashuka, hakusema amesamehe wala hakusema hakusamehe, lakini Jumatatu alimleta binti yake kuandikishwa.

Wanafunzi walipungua kutoka arobaini na mmoja hadi kumi na tisa. Mwalimu Dyantyi alirejea Februari 2010, akafundisha miaka kumi na mitatu, na sitasema kwamba mambo yalikuwa kama mwanzo, kwa sababu alikuja na chai yake ndani ya chupa na hakuonja ya dada yangu, na kila fomu ya shule waliijaza wawili, wakiisoma wote kabla ya kutia sahihi.

Maradhi ya figo yalimwanza dada yangu Machi 2021, akalazwa mara tano, na siku ya Ijumaa tarehe 2 Juni 2023, saa nne na robo asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sabini na mitano. Siku mbili kabla, Mzee Dyantyi alikwenda kumwona, akatushangaza kwa kumwambia muuguzi, "Nipe na mimi kikombe kutoka kwenye birika lake," akanywa chote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika tangu Jumamosi, walimu wenzake, Monwabisi na binti yake, na Mzee Dyantyi, ambaye tulimkosea sana sisi sote, na mimi wa kwanza. Najua wapo kati yenu ambao hadi asubuhi ya leo hamwamini kwamba alisahau, nimeona mnavyonitazama ninaposoma, na siwezi kuwathibitishia, maana hata yeye alisema haiwezekani, nanyi pia tunawashukuru, kwa kuwa mmekuja.

Dada yangu, MaMpinga, pumzika sasa, na amani ya Mungu ikulinde, huna tena haja ya kuhesabu waliomo chumbani.