Mwalimu Demetria na Misalaba Tuliyoing'oa

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa zangu shikamooni, wadogo hamjambo. Mie ni Sekela. Jumapili hii sikufungulii kwa wimbo, unisamehe. Nina habari za mtu. Wiki tatu zilizopita tulimsafirisha kwenda Songea kuzikwa, naye hakutaka kuzikwa Songea. Narudia, maana ndilo jambo lenyewe: hakutaka kuzikwa Songea.

Mtu huyo ni Mwalimu Demetria Haule. Amefariki akiwa na miaka sabini na mmoja. Alifundisha shule ya msingi Kurasini miaka thelathini na sita, shule moja hiyohiyo, na nitawaambia kwa nini hakuhama. Ukikutana Kurasini na dereva wa lori la makontena, mtu mzima na kipara chake, halafu ukaona mwandiko wake umenyooka kama wa kadi ya harusi, usiulize. Kapita kwa Mwalimu Demetria.

Mimi pia nimepita. Darasa la tatu. Alikuwa mfupi, sauti ndogo, na ukimpelekea umbeya alikukata palepale. "Usiniambie ulichosikia," alikuwa anasema. "Nionyeshe kilipoandikwa." Mimi na wenzangu tulimwigiza mpaka nyumbani, mama zetu wakachoka. Lakini maneno hayo naomba uyashike, tutayarudia.

Mwalimu aliletwa Kurasini na ualimu mwaka 1978. Mume wake, Albano, alikuwa karani kwa wakala wa forodha. Walipata mtoto mmoja, wa kike, Lusungu. Mtoto mmoja tu, na hawakupata mwingine.

Lusungu alifariki kwa surua, masika ya mwaka 1987, akiwa na miaka mitano. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika kwa mvua. Hapakuwa na namna ya kumfikisha Songea. Wakamzika kwenye uwanja wa kigango chetu, kanisa dogo nyuma ya yadi za makontena, wenyewe tunapaita Bondeni. Wakamvika viatu vyake vya plastiki vyekundu. Mwalimu aliniambia mwenyewe: "Alikuwa havivui hata akilala. Ningemvuaje siku hiyo?"

Miaka mitatu baadaye Albano naye akafa. Safari hii barabara ilikuwa inapitika. Ndugu zake wakaja, wakamchukua, wakampeleka kwao. Lusungu akabaki Bondeni peke yake. Ndiyo sababu Mwalimu hakuhama. Aliletewa uhamisho mara mbili, na mara ya pili ilikuwa ualimu mkuu, jamani, tena na nyumba. Akakataa. Akamwambia mkaguzi: "Mie nina mtoto hapa."

Sasa sikiliza hapa, wasikilizaji wapendwa, kwa sababu kuanzia hapa na mimi nimo.

Mwaka 1995 Mwalimu alikwenda chuoni kujiendeleza, akakaa huko mwaka mzima na miezi. Mwalimu hakuwepo. Kwaresima ya 1996 sisi vijana wa kwaya tukaambiwa tusafishe makaburi kabla ya Pasaka. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Majani yalikuwa yanatufika kiunoni. Kufyeka tumefyeka siku mbili, hatumalizi. Mwenyekiti wetu akasema tuchome moto. Lakini misalaba je? Ilikuwa ya mbao, itaungua. Basi tukaing'oa. Misalaba yote, thelathini na mmoja. Tukaiegemeza kwenye ukuta wa kanisa, tukachoma majani, na wakati moto unakula tukaipaka misalaba rangi nyeupe na kuyapitia majina upya kwa rangi nyeusi. Tulikuwa tunaimba! Haki ya Mungu, tulikuwa na furaha kama tuko mkesha wa Krismasi.

Halafu mvua ikashuka. Siku iliyofuata majivu yamekuwa tope, matuta yalikuwa yamekwisha lala zamani, ardhi ni tambarare. Hakuna aliyekumbuka upi ulitoka wapi. Kuna msichana mmoja aliuliza. Sikuwa mimi. Mwenyekiti akasema, "Wafu hawagombani, wekeni mstari unyooke." Tukapiga kamba, tukaichimbia misalaba mistari minne, imenyooka kama askari wa gwaride. Pasaka ile padri akatupongeza mbele ya kanisa zima na tukapewa soda.

Mwalimu aliporudi kutoka chuoni alikuta msalaba wa Lusungu uko karibu na ukuta wa sakristia, kile chumba cha padri cha kuvalia. Yeye alikumbuka mtoto wake amelala katikati ya uwanja. Akauliza kama kuna kilichohamishwa. Akajibiwa, hapana, tumesafisha tu. Akatazama, jina limeandikwa, tarehe imeandikwa. Akajiambia ni majonzi yaliyomchanganya siku ile ya maziko. Akapiga magoti pale. Akapanda maua pale. Miaka ishirini, wasikilizaji wapendwa. Kila Jumamosi kwa miaka ishirini.

Alipostaafu, 2014, akaona misalaba imeanza kuoza. Akanunua daftari kubwa, lile la kaunta. Akaandika majina yote thelathini na moja, akaanza kutafuta ndugu zao. Alitaka kila kaburi liwe na mtu wa kulijengea kabla majina hayajafutika. Na mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanza kazi hii ya redio, akawa ananiletea majina niyatangaze. Ndivyo tulivyorudi kuwa karibu. Alikuwa anakuja na soksi zake na mwavuli, anakaa mapokezi, ananisubiri kama mwanafunzi vile.

Makaburi yale yalikuwa na mambo, usiombe! Wengi waliozikwa Bondeni ni watu wa bara ambao hawakusafirishwa, na mtu asiposafirishwa ipo sababu. Chukua jina la Wilbert. Kuli wa bandarini, mtu wa Moshi, alifariki 1991. Mwalimu alizunguka mwaka mzima akampata mtoto wake, Praygod, ana duka la vifaa vya ujenzi Tegeta. Praygod alikuwa hataki kulisikia jina la baba yake. Nyumbani waliambiwa baba amekimbilia Zambia, kaoa huko. Kumbe hata Zambia yenyewe hakuijua. Aliugua siku mbili tu, wenzake wakamzika, barua waliyotuma nyumbani kwake ikarudi na muhuri wa posta. Nilimhoji Praygod hapahapa studio. Akasema: "Mama yangu amekufa anamlaani mtu ambaye yuko kaburini. Sasa nimwambie nani?" Mie nilizima kipaza sauti.

Praygod akaja Bondeni na marumaru zake, akamjengea baba yake kaburi zuri. Siku ya kubariki, mwaka 2016, tukamwalika mzee Godlisten, kuli mwenzake Wilbert, mmoja wa waliochimba kaburi. Mzee akafika na fimbo yake, akalitazama kaburi la marumaru, akatikisa kichwa.

"Siyo hapa," akasema.

Praygod akasema, "Mzee, msalaba ulikuwa hapa."

"Msalaba sijui. Mie nilichimba kwa mikono hii. Tulimzika ukutani. Jembe langu liligonga msingi wa sakristia mpaka mpini ukapasuka." Akanyoosha fimbo. "Ni pale. Penye maua."

Penye maua palikuwa kwa Lusungu.

Mwalimu aliwatazama watu wote waliosimama pale, mmoja mmoja, kama anavyotazama darasa lililofanya kosa. Akafika kwangu. Mie uso wangu hauwezi kuficha, mnaonisikiliza siku zote mnajua.

"Sekela. Ulikuwepo waliposafisha?"

"Nilikuwepo, Mwalimu."

"Mliing'oa?"

"Tuliing'oa."

"Wa Lusungu mliutoa wapi?"

Nikamwambia sijui. Nililia pale, mtu mzima, na kilemba changu cha sherehe. Yeye hakulia. Akainama, akapangusa udongo kwenye ule msalaba wa ukutani, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Niliamini maandishi nikayaacha macho yangu." Halafu akamfuata Praygod, akampa pole, akamwambia baba yake hakukosa maua hata Jumamosi moja. Praygod alimkumbatia. Lakini yeye Mwalimu, nani alikuwa amempelekea mtoto wake maua? Hakuna. Miaka ishirini hakuna.

Tukawatafuta vijana wa 1996. Wengine wamekufa, wengine wako mikoani. Mwenyekiti nilimpata kwa simu, akaniambia, "Dada, hayo mambo ya zamani bado mnayo?" Akakata. Na katikati ya uwanja ni pakubwa, kwa hiyo Mwalimu akawa hana pa kupiga magoti. Jumamosi anakuja na ndoo yake ya maji, anasimama getini, anamwagia uwanja wote. Wote, kidogokidogo. Wanakwaya walikuwa wanamcheka, nikawagombeza.

Mwaka 2022 likabandikwa tangazo. Barabara ya malori inapanuliwa, uwanja wa Bondeni unachukuliwa, makaburi yatahamishiwa eneo jipya huko mbele Temeke. Wengine walikasirika. Mwalimu, mnajua alisemaje? "Afadhali. Watafukua wote, nitamwona." Alikuwa na tumaini, na mimi, mjinga, nikalishika pamoja naye. Akaniambia angalia viatu tu, plastiki haiozi.

Walifukua siku tatu. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha plastiki siku zote tatu, mwavuli mkononi. Watu wazima walionekana, na Wilbert alionekana palepale ukutani. Watoto hawakuonekana. Watoto tisa, hata mmoja. Bwana afya alikuwa muungwana, akachuchumaa mbele yake akamweleza: "Mama, udongo huu una maji ya chumvi. Mifupa ya mtoto mdogo haikai."

Siku ya tatu mchana katapila lilikuwa linasogeza kifusi upande. Mwalimu akainuka, akaenda kwenye lile lundo, akainama. Akachomoa kiatu. Chekundu, kidogo, cha mguu wa kushoto. Dereva akazima mashine. Tukamuuliza, udongo huu umetoka shimo lipi? Akasema umetoka kila mahali, umechanganyika. Na tipa mbili zilikuwa zimeshaondoka asubuhi kwenda kujaza kiwanja cha mtu, hakujua ni wapi.

Watoto tisa wakapewa kaburi moja la pamoja kule eneo jipya, na sanduku moja dogo lenye udongo. Mwalimu akakiweka kile kiatu ndani ya sanduku. Walipofunika akashusha pumzi, akaniambia, "Haya. Sasa ana kaburi." Wiki ileile aliandika barua, akaisoma mbele ya jumuiya na nakala akanipa mimi. Barua ilikuwa na sentensi moja: nikifa nizikwe kando ya kaburi la watoto tisa, alipo mwanangu Lusungu. Akasaini, akaweka na tarehe. Alitaka hilo tu hapa duniani.

Akafariki mwezi uliopita kwa presha. Ndugu wa mume wakaja, wakiongozwa na mzee Didas, mdogo wake Albano. Si watu wabaya, nisiwasingizie. Walilia kweli. Lakini waliketi chini ya turubai wakasema shemeji yao hawezi kuachwa ugenini, nafasi yake iko kando ya mumewe. Nikatoa barua. Mzee Didas akavaa miwani, akaisoma polepole, akaisoma tena.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Kama mtoto yuko pale, sisi ni nani tumtenge na mama yake? Tutamwacha." Halafu akanigeukia. "Binti, wewe ulikuwepo siku zote. Mtoto yumo mle au hayumo?"

Wasikilizaji wapendwa, neno moja lilitosha. "Yumo." Herufi nne. Watu wote chini ya lile turubai walikuwa wananitazama, na barua iko mezani kwa mwandiko wa mtu aliyenikataza toka darasa la tatu kusema nisichokuwa na uhakika nacho.

Nikasema, "Sijui, mzee. Kuna kiatu."

Mzee Didas akaikunja barua, akairudisha kwenye bahasha kwa heshima, akanipa. Akasema, "Basi, mwanangu. Mtu hazikwi kando ya kiatu." Asubuhi yake wakaondoka naye.

Napeleka pole kwa ukoo wa Haule Songea, kwa mzee Didas, kwa walimu wa Kurasini na kwa Praygod wa Tegeta, ambaye ndiye anayemwagia maji kaburi la watoto siku hizi. Nawe unayenisikiliza, kama una mtu aliyelala mahali, nenda kabla jua halijazama. Hesabu hatua kutoka ukutani. Umwonyeshe na mwanao kwa kidole. Usiuamini msalaba peke yake, sisi ndio tuliouandika.

Na kama ulikuwa nasi Kwaresima ile ya 1996, na ni wewe uliyeubeba msalaba wenye jina la Lusungu, na ghafla leo umekumbuka uliutoa wapi, usinipigie simu. Hayupo tena wa kuambiwa.