Shabiki Mmoja Kule Perth

Port Kembla, mtaa wa Wentworth, mbele ya mgahawa unaotazamana na benki iliyofungwa, kuna benchi la mbao ambalo halmashauri iliwawekea abiria wa basi. Basi likabadilishiwa njia, abiria wakabaki. Ni wanne, wote wastaafu, wote mashabiki wa Illawarra Athletic, timu ya nyumbani inayocheza ligi kuu ya Australia kwa roho kubwa na fedha kiduchu. Merv Tolhurst, aliyesambaza barua miaka thelathini, anaitwa Mfupi kwa kuwa akisimama mlangoni lazima ainame. Blagoja Trajkov ni Winchi. Aliendesha winchi kwenye kiwanda cha chuma, na hadi leo hawezi kushika habari asiinyanyue juu. Carmela ni Filimbi, maana alichezesha mechi za watoto misimu ishirini na hajawahi kukubali kwamba alikosea hata mara moja. Wa nne ni Wal Prideaux, Umeme, mtu wa mwendo wa kobe. Jumanne hiyo ya mwezi wa nne nafasi ya Umeme ilikuwa wazi, na yeye ndiye aliyekuwa mada ya mazungumzo.

— Mmemwona lakini? — Winchi alianza kabla kahawa haijapoa. — Jukwaa zima la wageni, viti elfu mbili, yeye peke yake! Kama nzi kwenye shuka.

— Tumemwona, — alisema Filimbi. — Nchi nzima imemwona.

— Kamera ikamvuta karibu, mtangazaji akacheka. Halafu Umeme akaanza kuimba. Na ile sauti yake!

— Mtangazaji akanyamaza, — Filimbi akamalizia.

Mfupi alikuwa anakoroga kahawa ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.

Jumamosi Athletic ilikwenda Perth kwa mechi ya mwisho ya msimu. Wakishinda, wanaingia mtoano. Kutoka Port Kembla hadi Perth ni kilomita elfu nne, nchi inakatwa kutoka bahari hadi bahari, na Umeme hapandi ndege. Aliwahi kupanda moja mwaka wa themanini na tisa akaapa kutorudia. Basi Jumatatu ya wiki ya mechi aliingia kwenye pikapu lake, akaendesha siku tano. Timu ikafungwa tatu bila.

— Mimi nasema hivi, — Winchi aliegemea nyuma. — Mzee mwenye nyonga mbovu haendi elfu nne kwa ajili ya mpira. Pana mwanamke Perth.

— Wewe nawe!

— Mjane. Mwenye bwawa la kuogelea. Kikulacho ki nguoni mwako, dada.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Nguo za kuogelea, — Winchi alisema bila kupepesa.

Filimbi alitaka kukasirika, akacheka. Kisha akasema taratibu:

— Likizo tu. Mtu amekaa peke yake tangu mkewe afariki, kaona akapunge upepo.

— Upepo wa jangwa la Nullarbor? Siku mbili nzima huoni mti, unaona kangaruu waliokufa! Hapana. Nimewaza upya. Wamemwajiri.

— Nani?

— Kilabu! Jukwaa likionekana tupu kwenye televisheni ni aibu, wadhamini wanakimbia. Wakasema, tafuta mzee mmoja wa kutia huruma. Umeona uso wa Umeme? Ukimpa bakuli tu, watu wanatoa.

— Kilabu chetu hakina hela ya kumnunulia kipa glovu mpya, kimwajiri shabiki?

— Hapo ndipo utajua kilivyo na siri. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana tulifungwa matatu.

Mfupi alijilazimisha kutabasamu. Alijua kwa nini Umeme alikwenda, kwa sababu alikuwapo siku neno lile lilipotamkwa. Wote walikuwapo. Ilikuwa Februari, joto la kukaanga mayai, Athletic imeshinda mara tatu mfululizo, na Winchi ndiye aliyepiga goti lake akasema: tukifika mechi ya mwisho na nafasi ipo, twende Perth wote wanne. Wakapeana mikono juu ya benchi hilihili. Umeme akasema pikapu lina viti vya nyuma, watabanana, wataendesha kwa zamu. Alinunua tochi, turubai, na kopo kubwa la biskuti.

Safari ilipokaribia, Winchi akakumbuka ubatizo wa mjukuu. Filimbi akasema dari lake linavuja. Akabaki Mfupi, ambaye ndiye angesaidia kuendesha. Alfajiri ya safari, Mfupi alituma ujumbe: Goti limevimba, samahani, rafiki yangu. Jibu lilirudi baada ya nusu saa: Pole. Lipumzishe.

Goti halikuwa na kitu.

— Haya, tuseme kaajiriwa, — Filimbi alikuwa anasema. — Mbona mwisho wa mechi wachezaji wote walimwendea? Wale vijana wametandikwa, msimu umekufa, wanataka kukimbilia bafuni. Brodie akawakusanya, wakavuka uwanja mzima, wakasimama mstari mbele ya mtu mmoja.

Brodie Maslen ndiye kapteni. Mama yake anauza dawa duka la tatu kutoka kwenye benchi.

— Ndiyo! — Winchi aliruka. — Nani husimamishiwa mstari? Mwenye mali! Nimeipata. Umeme ndiye tajiri wa kilabu. Kila mwaka tunaambiwa kuna mwekezaji asiyetaka kutajwa. Kumbe tunakunywa naye kahawa!

— Umeme huyuhuyu anayeweka kiraka kwenye viatu?

— Matajiri ndivyo walivyo. Mficha uchi hazai.

— Yesu na Maria.

— Au basi ndiye baba halisi wa Brodie. Angalia masikio.

— Winchi, mama yake yuko pale dukani, dirisha liko wazi!

Wakacheka wote watatu, na Mfupi alipocheka alijisikia kama mtu anayekula harusini kwa watu asiowachangia. Akasema ili mradi aseme:

— Mjukuu wangu ananiuliza kila siku: babu, kwa nini usitazame timu za Uingereza? Uwanja unajaa, mpira unakimbia kama umetiwa mafuta. Huku kwenu, anasema, mchezaji akijua kupiga chenga mbili tu anauzwa Denmark.

— Mwambie aje kwangu, — Filimbi alisema, na sauti ikamgeuka. — Kweli wanauzwa. Kweli watu wa rugby wanatucheka, na watu wa ule mpira mwingine wenye umbo la yai nao wanatucheka. Tunacheza kwenye joto la Januari mpaka refa anasimamisha mechi watu wanywe maji. Uwanja wa watu elfu ishirini, tunakaa elfu nne, ukikohoa winga anageuka. Lakini kijana Tavita, mfungaji wetu, nilimpa kadi nyekundu akiwa na miaka tisa. Akalia, nikamnunulia pai ya nyama. Siku alipofunga bao lake la kwanza ligi kuu alikuja ukingoni akanionyesha kadi ya kuchora kwa mkono. Hao wa Uingereza watanionyesha nini mimi?

Winchi akanywa kahawa.

— Mimi kipa alinisaidia kusukuma gari, — alisema hatimaye. — Mvua inanyesha. Na usiku huohuo alikuwa kadaka penalti mbili.

— Umeona?

— Lakini asiyekuwapo na lake halipo. Umeme arudi ajieleze.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa amesimama kwenye dirisha la mgahawa akisubiri kahawa. Kijana bado, sare ya bluu ya uuguzi, kitambulisho cha nyumba ya wazee ya kule juu ya kilima. Jina liliandikwa Pabitra. Alikuwa akiwasikiliza muda, akitabasamu.

— Samahani wazee wangu, — alisema. — Mnamzungumzia yule baba wa kwenye televisheni? Mwenye skafu nyekundu na kijivu?

— Huyo huyo! — Winchi alimfungulia mikono. — Rafiki yetu wa damu. Karibu, dada. Wewe mpenzi wa mpira?

— Nina wiki tatu hapa, nimetoka Nepal. Mzee mmoja kule kazini alikataa kulala mpaka mechi iishe, nikakaa naye. Watu wa Perth waliposimama kumpigia makofi, mzee wangu akalia. Na mimi nikalia, na wala sijui sheria za mpira.

— Sisi ni mashabiki wa tangu enzi, — Winchi alisema kwa fahari. — Mimi, huyu, na huyu mrefu. Hatujakosa mechi.

— Vizuri sana, — Pabitra alisema, na uso wake ulijaa nia njema. — Na nyinyi mlikuwa mmekaa upande gani? Kamera haikuwaonyesha.

Lori la makaa lilipita. Filimbi alitazama viatu vyake. Winchi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, akaufunga bila kutoa kitu.

— Mjukuu wangu alikuwa anabatizwa, — alisema baadaye, pole pole.

— Oh. Hongera, — alisema Pabitra, akapokea kahawa yake, akawaaga kwa kuunganisha viganja, akapanda kilima kwenda kazini.

Mfupi alitoa simu mfukoni. Ikaita mara sita.

— Nani? — ilikuja sauti iliyokwaruzika, nyuma yake vyombo vikigongana.

— Mimi. Uko wapi?

— Ceduna, nimeshatoka Nullarbor. Nakula mayai. Nyonga imekufa, jana nimelala kilomita themanini kabla ya mahali nilipotaka. Macho nayo... Barabara inakuwa mbili, nachagua ya kushoto. Hamjambo huko?

Mfupi aliiweka simu sauti ya juu, akaiweka kwenye benchi katikati yao.

— Umeme, goti langu halikuwa limevimba.

— Najua.

— Unajuaje?

— Asubuhi ile nilipita kwako kukuachia dawa ya kuchua. Nikakukuta juu ya ngazi unasafisha mifereji ya paa. Nikaendelea na safari.

Filimbi alijifunika mdomo.

— Mbona hukuniita? Hukunitukana? — Mfupi aliuliza.

— Ningesemaje? Mtu habebwi mgongoni kwenda kwenye mpira. Ulikuwa na sababu zako.

Sababu ya Mfupi ilikuwa moja, na ndogo: aliona watafungwa. Hakutaka kuvuka nchi nzima kwenda kuaibika. Akaisema. Aliisema mbele ya Winchi na Filimbi, na barabara nzima ya Wentworth.

— Mimi pia niliona tutafungwa, — Umeme alisema. — Sikwenda kwa ajili ya kushinda, Merv. Walikwenda watoto wetu ishirini mbali vile. Nikasema watageuka watafute rangi yetu hata moja.

Vyombo vya Ceduna viliendelea kugongana.

— Brodie alikuambia nini? — Filimbi aliuliza.

— Aliniuliza nimekuja na nani. Nikamwambia sisi ni wanne. Nikamshika mkono mara nne, nikamtajia kila mmoja jina. Na wenzake vilevile. Kipa akadhani nimechanganyikiwa.

Winchi alisimama ghafla, akaenda kusimama karibu na nguzo ya taa, mgongo amewapa.

— Leo unafika wapi? — Mfupi aliuliza.

— Port Augusta, nikijaliwa. Mchana.

— Kaa hapo. Usitoke. Chukua chumba ulale. Mimi napanda ndege ya Adelaide leo, nakuja na basi.

— Acha upuuzi, utatumia siku nzima kuja kukaa kwenye gari linalonuka biskuti.

— Umeme. Kaa hapo.

Umeme akakubali:

— Basi nitakusubiri stendi. Lete miwani yako ya jua, yangu nimeikalia.

Mfupi alipokata simu, Filimbi alikuwa ameshatoa funguo za gari.

— Uwanja wa ndege ni saa moja na nusu, — alisema. — Ukipiga soga na huyu unachelewa.

— Mimi nakuja kumsindikiza! — Winchi alisema kutoka kwenye nguzo, macho mekundu. — Na msimu ujao, Wellington. Kule ni ng'ambo ya bahari, hata winchi haifiki. Naapa kwa mjukuu wangu.

— Usimwapie mtoto, — Filimbi alisema. — Ingia garini.

Jioni, jua likiwa bado juu ya ghuba ya Port Augusta, Mfupi alishuka kwenye basi na kibegi kimoja. Pikapu lilikuwa limeegeshwa mbele ya stendi, vumbi jekundu hadi kwenye paa. Umeme alikuwa amesimama ameliegemea, skafu shingoni, amekonda. Walitazamana. Mfupi alikuwa ametunga maneno njia nzima, tangu mawinguni, yote yakapotea.

— Goti je? — Umeme aliuliza.

— Limepona.

Umeme akacheka mpaka akashika nyonga. Akamrushia funguo. Wakalala, na kulipokucha Mfupi akakunja miguu yake mirefu chini ya usukani, akasogeza kiti nyuma kikagoma, akawasha gari magoti yakigusa usukani. Hawajamaliza kutoka mjini, Umeme alikuwa amelala, kichwa dirishani, na nyumbani bado kilomita elfu moja na mia tano.