Mshipa Uliobaki Vilevile

Ndugu zangu wa Garsen, amani ya Bwana iwe nanyi. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo halijatokea.

Mwaka jana nilikwenda Malindi nikidhani nina mawe ya figo. Mpimaji akanipaka mafuta baridi tumboni, kisha akapitisha mashine yake. Figo zilikuwa salama. Lakini mshipa mkubwa wa damu unaoshuka kutoka moyoni ulikuwa umevimba tumboni: upana wa sentimita tatu na nusu. Daktari alinieleza kwamba ukipanuka sana unaweza kupasuka, na mtu akafa. Nikamwuliza atanipasua lini.

"Bado ni mdogo," akasema. "Acha tumbaku, meza dawa ya presha, fanya kazi zako, urudi mwakani tuupime tena."

Ndugu zangu, mtu anaambiwa ana kitu cha kumwua, halafu anaambiwa arudi mwakani.

Nilirudi nyumbani nikijibeba kama trei ya mayai. Nilijizuia kupiga chafya. Shemeji yangu alipotumbukia mtaroni na suti ya harusi, nilikwenda kando nisicheke. Mvua zikaja, wenzangu wakapanda mpunga. Mimi nikalala chali, nikamwambia mke wangu hakuna haja ya kupanda nisichokivuna.

Alinivumilia wiki moja. Kisha akasimama mlangoni na jembe.

"Baba Komora, mto ukianza kujaa, wewe huhama siku hiyo hiyo?"

"La. Nachomeka kijiti ukingoni, naangalia maji yanapanda kiasi gani."

"Na ukishachomeka, hulala chali?"

"Naendelea na kazi."

"Basi daktari ameshachomeka kijiti. Inuka, magugu yanatucheka."

Hapo ndipo Mungu aliponifungua, ndugu zangu, nikiwa na mshipa uleule. Nilipanda, nikavuna, nikaacha tumbaku, nikameza dawa. Mwaka ulipotimia nikarudi Malindi. Tatu na nusu. Nikaomba nipimwe tena.

"Mzee, haujasogea," mpimaji akasema.

Nilipowaeleza wenzangu wa maombi, mama mmoja akauliza, "Kwa hiyo uvimbe umetoweka?" Nikamjibu upo. Akawatazama wengine. "Sasa tuseme amina, ama tungoje?"

Semeni amina. Mwakani narudi tena, na nikiambiwa mshipa umefikia kiwango cha kupasuliwa, nitapanda meza ya daktari nikimtumaini Mungu huyu huyu. Nawe uliyeambiwa urudi kupimwa ukajificha shambani, mtumaini Bwana, koga utoe tope la shamba, twende Malindi pamoja.