Ndugu Pettaway na Gari Lisilo na Haraka

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 1972, Ndugu Lucius Pettaway anakabidhi funguo za gari la maiti la Nyumba ya Mazishi ya Tolliver, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi bila kumtikisa marehemu hata mmoja.

Tangu aajiriwe hajawahi kwenda kasi, na tumemsema sana. Mchungaji Gaines aliwahi kumwambia mbele ya wafiwa, "Ndugu Pettaway, kwa mwendo huu tutafika ufufuo umeshapita." Naye akajibu, "Basi marehemu atashuka mwenyewe, Mchungaji."

Lakini mimi, ninayewatengeneza marehemu nywele hapa kazini, nina siku yangu moja ya mwaka 1960, enzi za ubaguzi wa rangi hapa kwetu Kusini mwa Marekani. Binti yangu Idella, mwanafunzi wa chuo, alikwenda na wenzake wawili kuketi kwenye kaunta ya chakula ya duka moja la mjini, wakigoma kuondoka mpaka wahudumiwe; ni lile lililokuwa likiwauzia watu weusi vitambaa lakini soda haliwauzii. Mimi nilikuwa nimemkataza. Mara habari zikaja kwamba wazungu wenye marungu wamejaa mlango wa mbele, na polisi wanawatazama tu. Nikakimbilia gereji, kitana bado mkononi.

Ndugu Pettaway hakuuliza mengi. Alivaa glavu zake nyeupe, akapakia mashada ya maua, akawasha taa kubwa mchana kweupe. Nikapanda mbele, tukazunguka hadi nyuma ya duka. Mpishi wa lile duka, muumini mwenzetu, akawatoa watoto kwa mlango wa jikoni, wakalala nyuma chini ya maua.

Sasa njia pekee ya kutokea ni barabara kuu inayopita mbele ya duka, katikati ya wale watu. Nikamwambia, "Kanyaga mafuta, Ndugu Pettaway!"

"Dada Velma," akasema, "msiba ukiuona unakimbia, hata wewe utaufukuza."

Tukaenda polepole. Na kwetu huku msiba ukipita kila mtu husimama, mweupe kwa mweusi. Magari yakakaa pembeni, kofia zikavuliwa. Mmoja akaficha rungu nyuma ya mgongo, kwa adabu kabisa.

Hapo Idella akapiga chafya. Maua yanamsumbua tangu utotoni. Polisi akainama dirishani. Nikaangua kilio, na jamani, hakikuwa cha kuigiza.

"Pole, shangazi," akasema yule polisi, ingawa hatuna undugu, akasimamisha magari tupite.

Tulipovuka daraja ndipo Ndugu Pettaway akageuka. "Idella, nimebeba marehemu wengi, lakini wewe ndiye wa kwanza mwenye mafua."

Kaunta ile sasa inahudumia kila mtu. Siku ya kwanza Ndugu Pettaway alikwenda kuagiza pai ya pichi, akaonja, akauliza kwa sauti, "Tulihangaika kiasi kile kwa ajili ya hii?" Lakini akaimaliza yote.

Ijumaa, baada ya kuku na pai (yangu) ukumbini mwa kanisa, Idella, ambaye sasa ni mwalimu, atamwendesha nyumbani kwa gari lile lile, taa zikiwaka, sisi sote tukifuata nyuma. Ndugu Pettaway amekubali kwa sharti moja tu: akae mbele.

Ndugu Pettaway, asante kwa kutonisikiliza siku ile. Ukaishi vizuri, ukale ushibe, na zamu yako ya kulala kule nyuma ije kwa mwendo wako ule ule.